Je, Ni Halali Kumwua Kunguru?



Swali hili nimeulizwa na waumini watatu kwa nyakati mbalimbali, nami nimeona afadhali nilijibu hapa kuliko kulijibu mlangoni mwa kanisa, ambako kila mtu ana haraka ya kwenda kunywa chai. Wanauliza: kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, waliojaa katika mji wetu wa Bagamoyo tangu sokoni hadi makaburini, je, ni halali kuwaua? Wa kwanza aliuliza kwa kuwa ameibiwa vifaranga. Wa pili aliuliza kwa kuwa amesikia kwamba ndege huyo si wa kwetu. Wa tatu, kijana wa darasa la kipaimara, alitaka kujua itakuwaje tumwue ndege aliyemlisha nabii Eliya. Hayo ni maswali matatu, si moja, na kwa kuwa twayachanganya, mazungumzo yetu ya barazani hayafiki popote.

Nianze na huyo kijana, maana swali lake ndilo jepesi. Ni kweli kwamba Eliya aliletewa chakula na kunguru penye kijito cha Kerithi, na ni kweli kwamba katika Injili ya Luka Bwana wetu awatolea kunguru mfano wa viumbe walishwao na Mungu. Lakini hata kuku ni kiumbe cha Mungu, na Jumapili tunamchinja. Maandiko hayo hayatukatazi kuua. Yanatukataza kumfanya kunguru kuwa shetani mwenye mabawa. Anyakuapo kifaranga, yeye hatendi dhambi. Ana njaa, na ana watoto kiotani. Jambo hilo tulishike, maana nimewasikia watu wazima wakimtukana ndege kana kwamba alikaa akapanga njama.

Sasa nije kwa yule asemaye kwamba kunguru si wa kwetu. Asemalo ni kweli. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Kiingereza, ili asaidie kuondoa taka mjini. Mji ulikuwa mchafu, na wakubwa wakaona kwamba ndege alaye takataka ni rahisi kuliko kuajiri watu wenye mifagio. Haikupita miaka mingi kabla ndege huyo hajaanza kuhesabiwa kuwa adui. Baadaye alionekana Mombasa, kisha akaenea pwani yote, Dar es Salaam hadi kwetu. Kunguru wetu wa zamani, yule mwenye kifua cheupe, ambaye wazee wenzangu walimzoea utotoni, amesukumwa pembeni. Vivyo hivyo ndege wadogo, kama chozi na mnana, wameliwa mayai na makinda. Mwenye kukaa chini ya mwembe asubuhi na kusikiliza atajua nisemacho: kelele zipo nyingi, nyimbo ni chache.

Lakini ngojeni kidogo. Kama kosa la kunguru ni kuwa mgeni, basi tutazame sahani zetu. Mhogo ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno. Mahindi nayo yalitoka huko huko. Mkorosho, ambao watu wengi wa pwani wameusomeshea watoto, asili yake ni Brazili. Mwembe ni wa Bara Hindi, na ile miembe mikubwa iliyo njiani kuelekea misheni ya Wakatoliki, waliyoianzisha Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, hakuna Mbagamoyo aiitaye miti ya kigeni. Hata mnazi ulivuka bahari kutoka mashariki, zamani sana. Tukiondoa vyote vilivyokuja kwa jahazi na meli, mama atapika nini leo jioni? Tutabaki na mtama na mbuyu, na sidhani kama vijana wetu watakubali.

Tena mingine imekuja juzi tu. Mwani unaolimwa na akina mama wa Mlingotini, hapa hapa wilayani kwetu, mbegu yake ilitoka Ufilipino ikapandwa Unguja mwaka 1989, kisha ikaja Bara. Nimewaona wakiufunga kambani maji yakitoka, migongo imeinama kwenye jua. Kwa fedha hizo wengine wamenunua mabati na sare za shule. Nani atasimama mbele yao na kuwaambia kwamba mmea wao haustahili kuwapo kwa sababu ya alikotoka?

Na mkonge je? Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, huko Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika hiyo 62 yakaja mashamba yasiyo na mwisho ya Tanga na Morogoro, na jasho la watu walioletwa kutoka mbali kuyafanyia kazi. Yako mengi ya kulaumu katika historia ile, lakini mkonge wenyewe haukumfukuza mtu katika ardhi yake. Aliyefukuza ni mwenye kutaka shamba.

Basi ugeni peke yake si kosa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; na wakaongeza kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili twazisema kila siku bila kuona kwamba pamoja zinatoa hukumu nzuri kuliko ile ya alikotoka. Zinauliza mgeni anafanya nini akiisha kufika. Mhogo umepewa jembe, maana hauondoki shambani mpaka mkulima aupeleke. Kunguru hapewi jembe. Hajui mwenye nyumba ni nani, na ajipakulia mwenyewe mpaka sufuria iwe tupu.

Hata hivyo mambo si mepesi hivyo, na mfano wake ni mwarobaini. Nao ni mti wa Bara Hindi. Tumeupa jina la Kiswahili, kwa kuwa yasemekana hutibu maradhi arobaini, na hakuna uwanja wa shule pwani usio na kivuli chake. Nimefundisha chini ya mwarobaini miaka mingi, wakati darasa lilipokuwa halina paa. Lakini nendeni Saadani, kaskazini kwetu, ambako mbuga hufika mpaka ufukweni. Huko mwarobaini umeingia porini bila kupandwa na mtu. Ndege na nyani hula matunda yake na kuzisambaza mbegu, na mti unaota kwa wingi mahali pa miti ya asili, hata wenye kuitunza hifadhi wamelazimika kutafuta njia ya kuupunguza. Mti ni ule ule. Uani kwangu ni daktari, Saadani ni mnyang'anyi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ipo orodha moja ya viumbe wema na nyingine ya viumbe wabaya. Lazima tuulize ni mahali gani, ni kwa wingi gani, na nani anayekosa nafasi kwa ajili yake.

Hapa niingize neno ambalo halikuulizwa. Katika mazungumzo haya ya kunguru nimesikia mzaha ambao haukunifurahisha: kwamba hao ndege ni kama watu fulani, waliokuja juzi na sasa wamejaza mji. Bagamoyo yetu ni mji wa watu waliokuja. Walikuja Wanyamwezi na mizigo ya pembe, wakaja Wamanyema, Wahindi, Wagoa, Washihiri na Wangazija. Wengine waliletwa kwa minyororo, na wajukuu wao tunakaa nao benchi moja. Mtu si kunguru. Mtu husemeshwa akajibu, huoa, hushika jembe siku ya tatu, na siku ya nne huwa yeye ndiye mwenyeji anayekukaribisha. Hesabu ifanywayo juu ya ndege haifai kufanywa juu ya mwanadamu hata kwa mzaha, kwa sababu mizaha ya namna hiyo imekwisha kuua watu katika nchi za jirani. Mwaka 1994, kule Rwanda, watu waliitwa mende kabla ya kuchinjwa.

Tumrudie aliyeibiwa vifaranga, maana yeye hana haja na historia, anataka kujua afanye nini. Mimi nasema: ndiyo, ni halali kumpunguza kunguru huyu. Nasema hivyo si kwa kuwa ni Mhindi, wala kwa kuwa ana sauti mbaya, bali kwa kuwa amezidi mno, na viumbe wengine wasioweza kujitetea wanaangamia kwa ajili yake. Sisi wanadamu ndio tuliomleta. Yeye hakuomba nauli. Aliyemleta ndiye mwenye wajibu wa kutengeneza, na hawezi kunawa mikono na kusema kwamba ni kazi ya Mungu.

Lakini uhalali huo una masharti, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi yetu. Imependekezwa kwamba sumu ya panya ichanganywe na utumbo wa samaki na kumwagwa jalalani nyuma ya ukumbi. Hilo silikubali hata kidogo. Sumu haichagui shingo ya kijivu. Itaokotwa na mbwa, na paka, na kuku wa jirani, na mwewe, na yule yule kunguru wa kifua cheupe tunayemsikitikia. Na Mungu apishe mbali, itaokotwa na mtoto. Ipo dawa maalumu ambayo wataalamu wameitumia Unguja na Dar es Salaam, nayo huwekwa na watu waliofundishwa, kwa kipimo. Ipo pia mitego ya vizimba, ambamo kunguru huingia kwa kufuata chakula asiweze kutoka. Hiyo si kazi ya kila mwenye hasira.

Sharti la pili ni zito zaidi. Katika miaka ya 1990 Unguja ilifanya kampeni kubwa, na kunguru walipungua sana mjini. Kazi iliposimama, wakarudi. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kuua kunguru milioni moja katika pwani yake. Milioni moja! Nilipoisikia hesabu hiyo nilijiuliza siyo tu watauawaje, bali watakuwa wamekula nini hata wakafika milioni. Jibu liko mikononi mwetu. Wamekula ugali tuliomwaga, vichwa vya samaki vilivyoachwa mnadani, matumbo ya kuku, na mabaki ya pilau za sikukuu zetu. Aliletwa ili ale taka, na taka hatujaacha kumwandalia. Tukiua elfu leo na jalala likabaki wazi, hao watakaobaki watashiba zaidi na kulea makinda zaidi, na baada ya miaka michache tutaua elfu nyingine. Kuua kwa namna hiyo ni ukatili, hata kama ndege wenyewe ni waharibifu, maana uhai umetolewa na hakuna kilichookolewa.

Wengine watasema kwamba nadai mengi. Lakini tazameni Ziwa Viktoria. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini, lilipolifunika ziwa, nchi zetu tatu zilileta wadudu wenye asili ya huko huko lilikotoka ili walile. Nao ni wageni walioitwa kumdhibiti mgeni, kama kunguru alivyoitwa kula taka. Tofauti ni kwamba wadudu hao walichunguzwa kwanza kama watakula mimea mingine, kabla ya kuachiliwa. Aliyewaachilia kunguru Unguja hakuuliza swali hilo.

Mwenye vifaranga, basi, afunike banda lake kwa wavu. Si ghali kama anavyofikiri, hata nyavu kuukuu za wavuvi zafaa. Akiona kiotu kinaanza kujengwa mtini kwake, akiangushe mapema, kabla ya mayai, maana kuangusha vijiti si sawa na kuangusha makinda. Lakini kwanza ahakikishe ni kiota cha huyu wa shingo ya kijivu. Kama halmashauri italeta watu wenye mitego na dawa, tuwaonyeshe mahali ndege wanapolala jioni, wala tusiwafukuze kwa kuwaonea ndege huruma ya siku moja.

Na lile jalala letu nyuma ya ukumbi lina urefu wa hatua kumi na mbili; nimelipima. Vijana wanne wenye majembe wanaweza kuchimba shimo la kufunikwa kwa siku moja. Wazee wa kanisa wamekubali kutoa mabati mawili ya zamani kuwa kifuniko. Kinachosubiriwa ni majina ya hao vijana wanne, na karatasi ya kuyaandika iko kwa katibu.