Kiatu Kinabana Wapi?

Nilikwenda Mbinga mjini na elfu thelathini mfukoni na swali moja dogo: raba ipi ya kukimbilia? Nilikuwa nimeanza kukimbia asubuhi huku kwetu Lundo kwa sababu ya presha, na baada ya mwezi mmoja goti la kulia likaanza kulalamika. Nilikuwa nikikimbia na zile raba bapa za kitambaa tulizovaa shuleni, soli nyembamba kama chapati. Ufukweni mchanga unakuonea huruma, lakini ukishapanda barabara ya udongo, kila kokoto unaijua kwa jina.

Muuza mitumba alinitandikia jozi sita kwenye turubai. Moja ilikuwa ya kampuni kubwa, yenye alama ambayo hata mtoto anaijua. Akataka elfu sitini, na kwa kubembelezana tungeweza kufika arobaini. Nyingine haikuwa na jina linalosomeka, elfu ishirini na tano. "Kaka, chukua hii kubwa. Hela nyingine utaniletea, mguu utakushukuru."

Nikazijaribu zote mbili. Ile ya kampuni kubwa ilinibana kidole kidogo, na sponji ya kisigino ilikuwa imeshakufa. Ukiibonyeza ni kama unabonyeza ubao. Ile isiyo na jina ilinikaa vizuri. Na bado, nakiri, nilisimama pale dakika kumi nzima nikijaribu kuushawishi mguu wangu kwamba ndio unaokosea.

Dakika kumi hizo ndizo zilizonifanya niandike. Inakuwaje mtu mzima anaamini bei kuliko kidole chake mwenyewe?

Si kwamba bei ina ushahidi mkubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio la viatu vya kukimbilia vya bei tatu: rahisi, ya kati na ghali. Walipima shinikizo linalofika kwenye unyayo. Viatu ghali havikuukinga unyayo kuliko vile rahisi, na faraja waliyoisema wavaaji wenyewe haikufuata bei. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na wenzake wakapendekeza kwamba mkimbiaji anapochagua kiatu kwa kufuata faraja, mwili wenyewe unachuja vile vinavyoweza kumuumiza. Ni pendekezo, bado linajadiliwa. Lakini angalia lilivyokaa: mguu umeitwa kutoa ushahidi.

Kwa hiyo ukienda sokoni, msomaji, nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku. Acha upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kikunje kiatu, kikunjike pale vidole vinapokunjika, sio katikati. Kisha kiweke mahali palipo sawa, ukitazame kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimelika upande mmoja, kirudishe, maana hapo unanunua mwendo wa mtu mwingine. Baada ya hapo nyamaza, tembea, usikilize.

Nililipa elfu ishirini na tano nikapanda gari la kurudi ziwani, nimejaa furaha ya mtu aliyejiamini. Njiani nikakumbuka kisa anachosimulia Plutarch, mwandishi wa kale, kuhusu Mrumi mmoja aliyemwacha mke wake. Rafiki zake wakamlaumu: kwani si mwanamke mwema? Si mzuri? Hajakuzalia watoto? Yule bwana akanyoosha mguu akawaonyesha kiatu chake. Kizuri, kipya, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kujua kinambana wapi. Siku zote nilikuwa nakipenda kisa hicho. Siku ile, ndani ya gari, ndipo nilipogundua kwamba ndani yake mke hasemi neno. Tunajua kiatu kilimbana nani. Hakuna aliyeuliza kama mke naye alibanwa.

Nikamkumbuka mama.

Mama yangu anapanda kwenye shamba la mihogo na kurudi na mzigo kichwani. Siku za usipa anabeba ndoo kutoka ufukweni. Kandambili zake zimelika upande wa nje mpaka zimekuwa kama kabari. Kwa hesabu yoyote ile, magoti yake yamefanya kazi kuliko yangu. Miezi kadhaa kabla ya safari yangu ya Mbinga aliniambia, "Magoti haya, mwanangu." Nikamjibu, "Ni umri tu, mama." Nikaendelea na simu yangu.

Goti langu lilipouma, nililipa nauli mpaka Mbinga. Goti lake lilipouma, nililipa jina. Umri.

Wapo watakaosema wazee wetu walitembea peku na hawakufa, na watamtaja Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli alishinda peku. Lakini inasimuliwa kwamba viatu alivyopata havikumkaa, na peku alikuwa ameshazoea. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena, safari hii amevaa viatu. Bikila hakuwa shahidi wa kwamba maskini hahitaji kiatu. Aliusikiliza mguu wake mara mbili, na mara mbili ukampa majibu tofauti.

Na sisi Watanzania tuna wetu, John Stephen Akhwari. Mexico, mwaka 1968, alianguka, goti likaumia, akaendelea na bandeji mguuni mpaka akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Nampenda Akhwari kama mnavyompenda. Ila nahofia tunachokifanya na hadithi yake. Tumeigeuza kipimo cha kila goti: vumilia, malizia. Akhwari aliuchagua mchezo wake, na siku ile dunia ilimpigia makofi. Mama havumilii kwa kuchagua, na kule juu shambani hakuna uwanja. Kuusifu uvumilivu wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa ni njia ya heshima ya kutomsikiliza.

Lakini je, mguu husema kweli siku zote? Hapana. Kiatu laini kinaweza kukudanganya kwa wiki moja, na maumivu yasiyoisha ni ya kupelekwa hospitali, hayamalizwi kwa kununua raba. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, aliligawa jambo hili vizuri mwaka 1927 alipoandika kuhusu demokrasia: mvaaji ndiye ajuaye kiatu kinabana na kinabana wapi, hata kama fundi ndiye hodari wa kujua kirekebishwe vipi. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Dhuluma huanza pale fundi, au mtoto wa mvaaji, anapochukua sehemu zote mbili.

Nami nilikaribia kuifanya dhuluma hiyo kwa mara ya pili, tena kwa upendo. Nilipofika nyumbani nilimwambia, "Mama, nitakutafutia raba kama hizi." Akacheka. "Mama mzima na raba? Na miguu hii ichemke humo ndani?" Nikafungua mdomo kumweleza habari za sponji na viungo. Nikaufunga. Nikauliza swali ambalo ningeliuliza tangu mwanzo: "Zinakubana wapi, mama?"

Akakaa chini. Akavua kandambili, akanionyesha ule mfereji kati ya kidole gumba na cha pili, ngozi imekuwa ngumu kama gome. Kisha upande wa nje wa kisigino. Kisha akasema jambo ambalo nisingelidhania kamwe: anapoteremka na mzigo, mguu huteleza mbele, hivyo hukaza vidole njia nzima ili asiachie kiatu. Magoti huanza kuuma hapo, si anapopanda.

Siku ya mnada tulikwenda pamoja. Nilimwonyesha tatu, akazikataa zote tatu. Alichagua sandozi nzito yenye mkanda nyuma ya kisigino, rangi ambayo mimi nisingeinunua. Akatembea nayo kwenye vumbi, akageuka, akatembea tena, taratibu, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Elfu kumi na mbili. Magoti bado yanamuuma, nisikudanganye. Ila sasa akisema yanauma, namuuliza wapi, na wakati gani.