Kitumiwacho na Wote

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba kitumiwacho na wote hakina mtunzaji, na mwisho wake ni kuharibika. Je, neno hili ni la kweli? Na tulipime kwa kilima kimoja cha nchi ya Wales, iliyo magharibi ya Uingereza.

Kilima hicho chaitwa Carningli, nacho kiko karibu na bahari, juu ya mji mdogo wa Newport. Si kirefu: kimo chake ni meta 347 tu, na mtu aweza kukipanda na kushuka kabla ya adhuhuri. Juu yake hakuna msitu, ila mawe, majani, na vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau. Kwa hiyo macho hayazuiliwi: apandaye huona mashamba, mto uingiapo baharini, na ghuba pana ya Cardigan.

Mgeni aweza kudhani kwamba uwazi ule umepatikana bure. Sivyo. Zamani sana vilima vingi vya namna hii vilikuwa na miti. Watu waliikata, na mifugo yao ikaizuia isiote tena. Hata leo wenyeji wenye haki ya malisho huweka huko kondoo na farasi wadogo, na vichaka vikizidi huchomwa kwa utaratibu wakati wa baridi. Wangeacha kazi hiyo miaka kadhaa, miiba na magugu yangefunga njia. Tena sheria ya mwaka 2000 yampa kila mtu ruhusa ya kutembea kwa miguu katika vilima kama hivi. Basi mmoja hulisha, mwingine hutazama, wala hapana awezaye kumfungia mwenziwe.

Lakini aachaye mbwa wake huru wakati kondoo wanapozaa, au awashaye moto siku za ukavu, amemnyang'anya mwenziwe, ijapokuwa amerudi nyumbani mikono mitupu. Naye mfugaji aongezaye kondoo kupita kiasi hufanya vivyo hivyo.

Twaona, basi, kwamba wingi wa watu sio uharibuo kitu cha shirika. Huharibika kila mmoja ajihesabupo mlaji, asijihesabu mtunzaji.

Nasi tuna visima, njia na malisho ya shirika, na bandu bandu huisha gogo. Kabla ya kuuliza, "Haki yangu ni ipi?" yatupasa tuulize, "Kazi yangu ni ipi?" Siku ya kuzibua kisima itakapofika, tusingoje kuitwa mara mbili.