Moshi Uvukao Ukuta

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewapa waja wake pumzi wasiyoilipia, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Mtu huamka alfajiri akasali, kisha akafagia uwanja wake. Hukusanya majani, makumbi na mifuko ya plastiki, akavitia moto nyuma ya ukuta. Moshi hupanda, hukaa kitambo juu ya mapaa, kisha hushuka katika nyumba ya jirani ambamo mna mtoto wa miezi mitatu. Akiambiwa hujibu, "Uwanja ni wangu, na taka ni zangu." Maneno hayo yote mawili ni kweli. Linalobaki ni hili: je, moshi nao ni wake? Na ukiwa ni wake, ana haki gani ya kuipeleka milki yake katika kifua cha mwenziwe?

Suala hili wanavyuoni hawakulinyamazia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amelitaja katika Minhaji, katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba yajuzu mwenye nyumba iliyozungukwa na maskani za watu kuifanya hamamu au zizi, na mwenye duka katika soko la wauza nguo kulifanya karakhana ya mhunzi. Msomaji mwenye haraka huishia hapo, akadhani kwamba madhehebu ya Shafi imemfungulia kila mtu mlango. Lakini kauli ile ina sharti: awe amechukua hadhari na kuzifanya kuta zake madhubuti. Imamu Malik amekaza zaidi, na kwake moshi wa tanuri na wa hamamu ni dhara ambayo jirani ana haki ya kuizuia. Wala maimamu hawa hawakukhitalifu katika asili, kwani wote waikubali Hadithi ya Mtume inayokataza kudhuru na kulipizana dhara. Wamekhitalifu katika kupima, ni dhara ipi majirani wavumiliane na ni ipi isiyovumilika.

Basi hukumu imesimama juu ya sharti la hadhari, na hadhari imesimama juu ya ujuzi, maana mtu hawezi kujihadhari na asichokijua. Zamani dhara ya mhunzi iliyoonekana ilikuwa ni nyundo yake itikisayo ukuta, na cheche, na masizi juu ya nguo za watu. Ukuta madhubuti uliyatosha hayo.

Yaliyojulikana leo ni mengine. Ndani ya moshi mna gesi, na mna vumbi laini mno la masizi, majivu na mafuta yaliyoungua. Vumbi kubwa hunaswa na pua na makohozi, likatemwa. Lakini lile ambalo upana wake haupiti 2.5 katika sehemu 1,000 za milimita halinaswi. Unywele wa kichwa ni mpana kuliko hilo kwa mara 30 hivi. Hushuka mpaka katika vifuko vya mwisho vya pafu, hewa ikutanapo na damu, na lililo dogo kuliko yote huingia katika damu yenyewe. Ndiyo sababu dhara yake haiishii katika kikohozi, bali hufika katika maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya pafu, na mtoto kuzaliwa na uzito haba. Mwaka 1993 ilitolewa Marekani habari ya watu zaidi ya 8,000 wa miji sita, waliofuatwa kwa miaka 14 hadi 16. Vifo vya waliokaa katika mji wenye vumbi jingi vilizidi vya waliokaa katika mji safi kwa asilimia 26, baada ya kuzingatiwa uvutaji wa tumbaku na mengineyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani, huua watu kama milioni 7 kila mwaka; na mwaka 2021 lilishusha kiwango cha vumbi hili, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Mikrogramu ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Wafasiri wa Kurani, walipofika penye dharra iliyotajwa katika Suratu Zilzala, baadhi yao walisema ni sisimizi, na baadhi walisema ni chembe ya vumbi ionekanayo katika mwale wa jua uingiao dirishani. Chembe inayosemwa hapa ni ndogo kuliko hiyo, na mizani imeipata.

Vumbi namna hii ukuta wa mawe hauliwezi. Hupita juu yake, na chini ya mlango, na katika tundu la dirisha. Kwa hiyo mwenye kutaka ruhusa ya Minhaji leo, na alitimize sharti la Minhaji kwa ujuzi wa leo.

Na madhehebu yenyewe haikungoja mizani hiyo. Shamsuddin Ramli amenakili katika Nihaya fatwa ya baba yake Shihabuddin, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 957 wa Hijra (1550), juu ya mtu aliyeifanya nyumba yake iliyo baina ya watu kuwa karakhana ya nushadiri, watoto wakainusa, wakafa. Sheikh alifutu kwamba mtu huyo ni mdhamini wa vifo vile, kwa kuwa alikwenda kinyume cha ada. Na izingatiwe fatwa hii vizuri. Mtu yule hakuwagusa watoto, wala hakukivuka kizingiti chao, wala haikusemwa kwamba alikusudia. Kilichovuka ni harufu, na dhamana ikaifuata harufu mpaka ilipotokea. Katika mlango huo huo imetajwa kwamba mwenye kukaanga au kuoka nyumbani kwake kitu ambacho harufu yake humharibia mimba mwanamke asipokionja, ni wajibu wake kumpa cha kuiondoa dhara hiyo, na akizembea atadhamini. Wala si ajabu, kwani Mtume mwenyewe alimtaka aliyekula kitunguu thaumu ajitenge na msikiti, kwa maudhi ya pumzi yake tu.

Misri iko mbali, lakini kisa kama kile kimetokea Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru ilikuwako, tangu 2007 hata 2014, karakhana ya kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Moshi wake na vumbi lake viliingia majumbani, na risasi ikaonekana katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitangua hukumu hiyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaitangua ile ya Rufaa. Kadhi aliyeisoma Nihaya asingalihitaji miaka yote hiyo.

Hata hivyo fatwa ya Ramli imeegemea neno moja, nalo ni ada, na hapa ndipo penye ugumu. Vipi ikiwa ada yenyewe ndiyo iuayo?

Tarehe 5 Desemba 1952 ukungu mzito uliukalia mji wa London mpaka tarehe 9, na upepo haukuvuma. Kila mwenye nyumba alikuwa amekoka makaa ya mawe katika meko yake, kama walivyokoka baba yake na babu yake. Hakuna aliyefanya kinyume cha ada. Mtu aliunyosha mkono wake mchana asiyaone vizuri mapajani pake. Waliokufa walihesabiwa kwanza kuwa kama 4,000, na waliohesabu baadaye walifikisha kama 12,000. Ukichukuliwa moshi wa nyumba moja peke yake, hauthibitishwi kumuua hata mtu mmoja. Kadhi angemtoza nani?

Katika jambo hili yapasa kupambanua baina ya dhamana na dhambi. Dhamana huhitaji mtu ajulikanaye na dhara ijulikanayo, na kadhi asipoyapata hayo mikono yake imefungwa. Dhambi haihitaji hayo, kwani Mwenye kuhesabu hapungukiwi na mashahidi. Mtume aliwapigia mfano watu waliopanda jahazi, wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao ili wasiwasumbue wa juu kwa kuteka maji. Fungu lilikuwa lao kweli, na wenzao wangaliwaacha, wangaliangamia wote. Hewa ni jahazi la namna hiyo, ila waitoboao ni wengi na kila mmoja ana tundu dogo.

Dhara ya namna hii huondolewa na mwenye amri. Mwaka 1956 Uingereza ilitoa sheria ya hewa safi, ikaweka mitaa isiyoruhusiwa moshi, na wenye nyumba wakasaidiwa gharama ya kubadili meko zao. Waislamu walikuwa na mlango huo zamani kwa jina la hisba. Shayzari, katika karne ya 6 ya Hijra, alimwandikia muhtasibu awaamrishe waokaji mikate wainue dari za maduka yao na watoboe matundu mapana ya kutolea moshi, watu wasidhurike.

Husemwa kwamba maskini hana ila kuni na makaa. Hilo ni kweli, na dharura ina hukumu yake. Lakini moshi wa jikoni humla kwanza mke wa mtu na mtoto aliye mgongoni, na kwa madhehebu ya Shafi chombo cha kupikia ni juu ya mume. Aliyepata fedha ya simu mpya na asipate ya jiko la gesi, au hata ya kutoboa tundu la moshi katika paa la jiko, asiitaje dharura. Hata chetezo cha udi katika chumba kilichofungwa chatoa vumbi lile lile, na kufungua dirisha hakuondoi baraka.

Wengine husema kwamba ajali haitangulii wala haikawii. Ni kweli, na aliyeuawa kwa upanga pia alikufa kwa ajali yake, na kisasi hakikuondoka. Sayyidna Umar, alipokataa kuingia Shamu penye tauni na akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kwenda katika kadari yake nyingine.

Arudiwe basi yule mwenye uwanja. Majani na makumbi aweza kuyafukia yakawa mbolea, na plastiki aweza kuiweka mpaka gari la taka lije, hata likichelewa, nalo huchelewa. Pengine atasema kwamba amemtaka jirani radhi na jirani amemruhusu. Mtu mzima aweza kuisamehe haki ya nafsi yake. Lakini walii hana mamlaka ya kuisamehe haki ya mtoto aliye chini yake, ila kwa lenye maslaha kwa mtoto huyo. Ruhusa aliyoitoa baba ni ya kifua cha baba. Ya mtoto wa miezi mitatu bado haijatolewa na mtu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.