Mikono Inayotulia

Mtu akianguka kutoka juu ya mparachichi huko Rulenge, au pikipiki ikimtupa kwenye mteremko, watu humkimbilia. Mmoja humshika mabega amkalishe, mwingine huleta maji, mwingine humwita jina huku akimtikisa. Ni huruma tupu. Lakini kama kilichovunjika au kuteguka ni pingili mbili za juu kabisa za shingo, ile inayobeba fuvu na ile inayoliwezesha kugeuka kushoto na kulia, huruma hiyohiyo yaweza kumaliza kilichosazwa na ajali. Ndani ya pingili hizo hupita mishipa ya fahamu inayopeleka hata amri ya kuvuta pumzi.

Msaada basi ni nini? Tumezoea kuupima kwa jasho: aliyebeba, aliyekimbia, aliyetoa. Naona kipimo hicho hakitoshi. Kumsaidia mtu ni kwanza kulinda alichobaki nacho. Anayepiga magoti vumbini, akabana kichwa cha mwenzake kwa viganja viwili kisicheze, akamwambia, "Tulia ndugu yangu, usigeuze shingo, nipo," amefanya kubwa kuliko wote, ingawa mpita njia atadhani amekaa tu.

Utauliza: majeraha haya ni nadra, ya nini kuyawaza? Unadra ni hesabu ya umati. Aliyelazwa juu ya ubao ana shingo moja, na kwake jambo hili limetokea lote.

Kisha huja safari ya matibabu. Kutoka Rulenge hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, unapita Biharamulo, Geita na Sengerema. Hadi Juni 2025 gari lilingoja kivuko Busisi. Sasa lipo daraja la kilomita 3. Saa za kungoja zimepungua, lakini dereva bado ana swali lake kwenye kila shimo: je, kuwahi ni kukimbia?

Hata huko hospitalini, tiba si lazima iwe kisu. Mara nyingi ni kola ngumu, au pete ya chuma iliyoshikizwa kwenye fuvu, kwa miezi kama mitatu. Mkulima analala huku msimu ukimpita. Ndugu wanaomnywesha uji huuliza mbona hakuna sindano, mbona daktari hafanyi kitu. Wana haki ya kuuliza, na wanastahili mtu wa kuketi nao awaeleze kwamba mfupa unaunga sasa hivi, katika siku hizihizi wanazoziona zinapotea.