Machela ya Mtumba na Jeraha la Mwembe

Machela ni kitanda cha kitambaa au wavu kinachoning'inizwa ncha mbili, mara nyingi kati ya miti miwili. Katika Kiswahili jina hilo hutajwa zaidi kwa kitanda cha kubebea wagonjwa, lakini machela ya kulalia ni urithi wa wenyeji wa visiwa vya Karibi na nchi za jirani. Christopher Columbus aliwakuta wakilalia vitanda hivyo mwaka 1492, na baadaye mabaharia wa Ulaya wakavipeleka melini. Machela ya kambini ya siku hizi aghalabu ni ya nailoni, kitambaa kilichobuniwa Marekani mwaka 1935. Ni imara, ni nyepesi, na ikikunjwa haizidi ukubwa wa embe dodo.

Afrika Mashariki machela hizo huonekana mara moja moja ndani ya marobota ya mitumba, zikiuzwa pamoja na mahema na mifuko ya kulalia. Tatizo lake ni kwamba aghalabu hufika peke yake. Mikanda ya kufungia mtini imebaki kwa mwenyewe wa kwanza, na karatasi ya maelezo ilitupwa zamani. Kitu kimesafiri, ujuzi wake haukusafiri.

Matokeo yake yalionekana wiki hii kwenye shina la mwembe mmoja. Jumapili ilifungwa machela kwa kamba nyembamba ya manila, ikavutwa hadi ikanyooka, na watoto wakabembea humo kwa zamu mpaka jua likachwa. Hakuna aliyeanguka, na siku ilihesabiwa kuwa njema. Jumatatu asubuhi shina lilikuwa na pete nyeupe iliyolizunguka, gome limesagika, utomvu unachuruzika. Waliopumzika walikuwa wameshaondoka. Aliyeumia hana mdomo wa kudai.

Itasemwa kwamba mwembe hupigwa mawe kila msimu na bado huzaa. Hoja hiyo haisimami. Jiwe hujeruhi mahali pamoja, lakini kamba huzunguka. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia utando laini ulio chini kidogo ya gome. Utando huo ukikatwa pande zote, mizizi hukosa chakula na mti hufa polepole. Wakulima wanaotaka kuua mti bila kuuangusha huchuna gome lake kwa kuuzunguka, na kamba nyembamba inayosuguasugua inaweza kuianza kazi hiyohiyo bila mtu kukusudia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuikagua machela kabla ya kuifikiria miti. Kitambaa huinuliwa kuelekea mwanga ili matundu yaonekane. Mishono ya pembezoni na ya nchani huvutwa kwa nguvu, kwa maana ndiyo hubeba mzigo. Nailoni iliyokaa juani muda mrefu hupauka na kupoteza nguvu hata kama haijatoboka; ikichanika kwa kuvutwa na mikono, haifai kumbeba mtu. Kulabu za chuma zenye ufa au zilizopinda hutupwa. Machela iliyofaulu hufuliwa kwa sabuni laini na maji baridi, bila dawa ya kung'arisha, kisha huanikwa kivulini.

Kazi ya pili ni kuchagua miti. Inayofaa ni iliyo hai, yenye shina nene kuliko paja la mtu mzima, na iliyoachana mita 4 hadi 5. Mpapai haufai, kwa kuwa shina lake ni laini na lina uwazi ndani. Mnazi una shina imara, ila nazi na makuti yake huanguka bila taarifa. Mkaratusi hujulikana kwa kuangusha matawi. Mwembe ni mzuri, mradi majani yake yatazamwe kwanza: pwani, sisimizi waitwao majimoto hushona viota humo na hushuka kwa hasira mti unapotikiswa. Mti wowote ule, lazima mtu atazame juu. Tawi kavu lililonasa huko ni hatari kuliko fundo baya.

Kazi ya tatu ni kufunga, na hapa ndipo mkanda mpana unapochukua nafasi ya kamba. Upana wa sentimita 2.5 ni wa chini kabisa. 4 au 5 ni bora, kwa kuwa uzito husambaa juu ya gome badala ya kulikata. Poliesta hufaa kuliko nailoni, kwani nailoni hurefuka, hasa ikilowa, na aliyelala juu usiku huamka akigusa ardhi. Wapo watakaosema kwamba mikanda ni anasa kwa mtu aliyenunua kitu rahisi. Lakini mkanda mzima wa kiti cha gari lililokongoroka, usiochakaa wala kupauka, una upana unaotakiwa na hupatikana gereji. Asiyeupata hata huo anaweza kukunja gunia mara kadhaa na kulizungusha shinani kabla ya kamba nene kupita.

Kosa la mwisho, lililo kubwa kuliko yote, ni kuivuta machela ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mkanda unapaswa kushuka kutoka mtini kwa pembe ya digrii 30 hivi. Kidole gumba kikisimama na cha shahada kikilala, mstari kutoka ncha hadi ncha unakaribia pembe hiyo. Kwa mtu wa kilo 70, kila mkanda hapo hubeba mzigo wa kilo 70. Pembe ikipungua hadi digrii 10, kila upande hubeba kilo 200 hivi. Ikifika 5, kilo 400. Mzigo huo huvuta mishono, fundo na gome kwa pamoja. Katika miti iliyoachana mita 4 na nusu, mkanda hufungwa karibu mita 1.7 kutoka ardhini, ili kitako cha mwenye kukaa kiwe usawa wa kiti cha kawaida. Kwanza machela hukandamizwa kwa mikono, kisha mtu huketi taratibu, na ndipo hulala kimshazari ili mgongo unyooke.

Rahisi huwa ghali, na ghali hiyo si lazima ilipwe na mnunuzi. Anayenunua kitu bila maelezo yake amenunua pia wajibu wa kuyatafuta, na pumziko linalomuumiza mwingine, hata awe mti, halijastahili jina hilo. Mwembe huchukua miaka mingi kupata shina la kumbeba mtu. Machela ikishafunguliwa, anayeondoka na apitishe kiganja juu ya gome: likiwa kama alivyolikuta, amefunga sawasawa.