Haki ya Kuuliza

Mwanafunzi wa sayansi za jamii mjini Bunia hufundishwa yaleyale wanayofundishwa wenzake wa Kisangani au Nairobi: kuunda swali la utafiti, kuteua sampuli, kuandaa hojaji, kuhoji na kuchambua majibu. Vitabu vya mbinu hulichukulia swali kuwa kipimo tu, mfano wa futi ya seremala. Ituri, mkoa wa mashariki mwa Kongo ambao Bunia ni mji wake mkuu, inakataa. Katika vita vya 1999 hadi 2003 kati ya wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu, kuulizwa kabila kwenye kizuizi cha barabarani kuliweza kumtoa mtu roho. Swali hilohilo likichapwa kwenye hojaji, katikati ya umri na kazi, halijasahau lilikotoka. Anayeulizwa hupima kwanza: huyu katumwa na nani, na jibu litafika wapi?

Ridhaa, iliyosisitizwa na Ripoti ya Belmont ya Marekani mwaka 1979, yadai mhojiwa aelezwe lengo na hatari, kisha aamue mwenyewe. Katika kambi ya waliokimbia vita, ambako daftari la majina hutangulia mgao wa unga, mtu huweza kukubali kwa kutumaini chakula. Dole gumba lake kwenye fomu ni halali. Kama ni hiari ni jambo jingine.

Mbali na ridhaa kuna shida ya ukweli, iliyoonekana katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kundi la wanamgambo la Ituri. Wachunguzi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliwatumia watu wa kati kuwafikia mashahidi wa Ituri. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga alipatikana na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Hata hivyo majaji walilaumu upande wa mashtaka kwa kuwaachia watu hao kazi ya uchunguzi, na ushahidi wa vijana kadhaa ukawekwa kando. Vitabu vya mbinu humshukuru msaidizi wa namna hiyo kwa mstari mmoja, ilhali ndiye anayejua mlango wa kubishwa hodi, na ndiye anayebaki mtaani mgeni akishaondoka.

Katika Chuo Kikuu cha Shalom cha Bunia, kilichochipuka kutoka taasisi ya theolojia, suala la nani aaminiwe lina sura ya kidini pia. Ushuhuda wa kanisani huaminiwa kwa kuwa msemaji anajulikana, mwenendo wake na nyumba yake. Utafiti hulifuta jina ili kumlinda, na hapo humnyima msomaji njia ya kumpima. Huko Djugu, eneo la Ituri, kufuta jina la mtu hakutoshi: mara nyingi jina la kijiji peke yake hudokeza kabila. Kijiji nacho kikifichwa, simulizi hubaki bila mahali.