Uwekevu na Uaminifu

Mtu mwenye fedha chache anunuapo motaboti kuukuu ili aifufue, hukabiliwa na swali zito kuliko injini yenyewe: uwekevu hukoma wapi, na udanganyifu huanzia wapi?

Tuchukue boti ambayo injini yake imo ndani, na rafadha imeshikwa na mtambo uliofungwa nje ya tezi, namna iliyoletwa sokoni na Volvo Penta mwaka 1959. Mhimili wa injini hupita katika tundu la tezi, chini ya usawa wa maji. Kinachoyazuia maji yasiingie ni mfuko wa mpira wenye makunjo kama ya kodiani. Mpira huo ukipasuka, beringi huliwa na kutu, ngama hujaa, na chombo chaweza kuzama kikiwa kimefungwa gatini, bila dhoruba yoyote.

Viti vya mitumba si kosa. Lakini mwenye kupaka rangi mpya huku akiuacha mpira wenye nyufa, au kumwaga oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa (dalili ya kuingia maji) na kutia nyingine bila kutafuta yanapopenya, hakuokoa fedha: amemtwisha mwingine deni lake.

Wapo wasemao kuwa umaskini ni udhuru. Sikubali. Maskini aweza kungoja; boti iliyopandishwa pwani hukaa mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Abiria, asiyejua hata kuwa mpira huo upo, hakuulizwa neno.

Je, mwenye boti akisafiri peke yake? Hapo swali ni gumu zaidi, ijapokuwa wapo watakaotoka usiku kumtafuta.